Nilimwita Igel Msaliti

"Fungua! Polisi!"

Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Niko na gauni la kulalia, soksi moja mguuni, nyingine hata sijui iko wapi.

Nikafungua. Wanne! Yule wa mbele akajifuta viatu kwanza kwenye zulia la mlangoni, ndipo akanionyesha karatasi ya hakimu.

"Bi Wiebke Harmsen?"

"Ndiyo mimi..."

"Kuna wizi umefanyika mtandaoni. Umetokea kwenye mashine yako."

Jamani, wizi? Mimi?

"Mashine hiyo ni ya kupitishia ujumbe wa watu tu, iko mji wa Kassel. Mimi sijui nani anapita!"

"Utaeleza kwa maandishi, Bi Harmsen."

Wakabeba kompyuta, simu, hadi redio ya jikoni. Jirani wa mlango wa mbele akachungulia, akaniona, akafunga. Tunaishi ghorofa moja mwaka wa tisa huu, na hakuuliza hata kulikoni.

Nikakaa sakafuni. Swali moja tu kichwani... nani kawapa anwani ya nyumbani kwangu?

Nikapiga simu ya mezani kwa ile kampuni ya Kassel inayonitunzia mashine ile, seva.

"Mmewapa polisi jina langu?"

"Hapana. Hakuna aliyetuuliza chochote."

Basi akabaki mtu mmoja. Igel!

Ngoja niwaeleze, msije mkaniona kichaa.

Mimi nina miaka arobaini na tisa, nasahihisha miswada ya vitabu vya watu hapa hapa nyumbani, Göttingen. Sina mume, sina mtoto. Kuna wiki sauti yangu naisikia pale tu ninapomsalimia muuza mikate.

Miaka minne iliyopita nikajiunga na watu wa mtandao wa kuficha utambulisho. Mtu aliye nchi ambako kusema ukweli ni kosa, ujumbe wake unapita kwenye mashine tatu za watu wa kujitolea. Ya kwanza inamjua ila haijui anakoenda. Ya mwisho inajua anakoenda ila haimjui. Ubaya ni kwamba mtu akifanya uhalifu humo, anayeonekana ni mwenye ile ya mwisho.

Mimi ndiye mwenye ile ya mwisho.

Tunakutana Alhamisi moja kila mwezi, chumba cha nyuma cha baa. Mwiko wetu ni mmoja: huulizi jina la mtu. Mimi naitwa Amsel, yaani ndege mweusi kwa Kijerumani. Yeye alijiita Igel, kalunguyeye. Mnene, mpole, sweta lile lile kila siku.

Ndiye aliyenisaidia kuchagua kampuni.

"Hii hapa rahisi kuliko zote," nikamwambia.

"Na nusu ya mtandao wetu imepanga hapo hapo. Wote mkikaa nyumba moja, moto mmoja unawamaliza. Tafuta kwingine."

Nikaandikia kampuni kumi na moja, nikieleza wazi nataka kufanya nini. Saba kimya. Mbili zikakataa. Moja ikajibu "ndiyo, karibu!" ndani ya dakika mbili.

Igel akacheka mpaka bia ikamwagika. "Huyo hata hajasoma! Lalamiko la kwanza tu, anakuzimia mashine."

Ya mwisho, ile ya Kassel, ikanirudishia maswali kurasa tatu.

"Hao hao," akasema. "Anayekuhoji leo ndiye atakayesimama nawe kesho. Hata mimi niko kwao."

Jumapili moja akaja kwangu na keki ya plamu, saa tisa alasiri. Akakaa saa tatu akinirekebishia mipangilio. Alipoondoka sikuosha kikombe chake mpaka Jumatano. Ndiyo, chekeni tu.

Pale mezani, yeye peke yake ndiye aliyejua jina langu na nyumba yangu. Na wiki nzima kabla ya polisi kuja, hakuwa amejibu barua pepe hata moja!

Nikanunua simu ya mtumba, nikamwandikia. Kimya. Nikamwandikia tena. Kimya!

Alhamisi ikafika. Kiti chake kitupu.

"Igel kaniuza!" nikasema mbele ya wote.

Mzee mmoja tunayemwita Moos akashusha glasi. "Amsel, taratibu. Una ushahidi?"

"Nani mwingine alishakula keki kwangu?"

Usiku ule nikaandika kwenye kundi letu: Igel ni msaliti, mwondoeni. Wakamwondoa.

Mwezi mzima nilimlaani huku nikimkumbuka. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Kisha simu ikaita.

"Bi Harmsen? Naitwa Pannwitz, mwenye kampuni ya Kassel."

"Hatimaye! Hebu niambie nani kawapa polisi anwani yangu!"

"...Wewe mwenyewe."

"Mimi?!"

"Uliomba malalamiko yaje kwako moja kwa moja. Ukajaza fomu ya daftari la wazi la mtandao, linaloonyesha mwenye kila mashine. Wenzako huweka anwani ya wakili. Wewe umeweka mtaa, namba ya nyumba, mpaka ghorofa. Dunia nzima inasoma."

Wapendwa, kwetu fomu haichezewi! Tangu shule tunafundishwa, nafasi ikiwepo inajazwa, na inajazwa ukweli. Miezi miwili nachagua kampuni ya kuficha watu, halafu najianika mwenyewe!

"Lakini sikupiga kwa hilo," akaendelea. "Unamfahamu Bwana Hartwig Lüdemann?"

"Simfahamu."

"Ajabu. Fomu yetu ina sehemu ya mtu wa kuarifiwa mteja akipatwa na jambo. Kaandika jina lako. Na pembeni kaongeza: rafiki yangu, usimpigie kabla ya saa tatu asubuhi, huwa anachelewa kulala."

Igel! Ndiye pekee aliyejua jina langu.

"Kapatwa na nini?"

"Pole, Bi Harmsen. Amefariki. Moyo. Alilazwa wiki moja tu, akafa siku tatu kabla ya polisi kuja kwako. Dada yake katuandikia leo. Anasema hakujua kama kaka yake alikuwa na marafiki. Walimzika watu watatu, na mmoja alikuwa mchungaji."

Nililia mpaka nikasahau nimeshika simu. Naye akasubiri tu, hakukata.

"Mashine yake bado inapitisha watu," akasema baadaye. "Tuizime?"

"Hapana! Iandikeni kwa jina langu."

"Sawa. Ila, samahani... kwenye fomu yako, sehemu ile ya mtu wa kuarifiwa, wewe umepiga mstari."

Ni kweli. Fomu nzima niliijaza, pale nikapiga mstari. Sikuwa na mtu.

Jioni nikalirudisha jina lake kwenye kundi na kuandika ukweli wote. Kisha Moos akaandika: "Kumbe aliitwa Hartwig."

Ndugu zangu, jifiche matapeli wasikuone, serikali isikuone, dunia nzima isikuone ukitaka, ni haki yako. Lakini awepo mmoja anayejua jina lako, na wewe ujue lake. La sivyo utamlaani aliyekupenda, na yeye yuko kaburini.

Fomu mpya, ya mashine ya Igel, imefika juzi. Anwani nimeweka ya wakili. Nimejaza kila kitu isipokuwa sehemu ile moja, na kalamu ninayo mkononi tangu asubuhi.