Katambuga Mbele ya Friza

"Mama Lucky, hii friza yenu mbona mnaivalia viatu?"

Swali hilo aliliuliza Hedwiga, jirani wa Namnyaki. Alikuwa amehamia Olasiti hivi karibuni, akitokea upande wa Rombo. Asubuhi hiyo alikuja kununua maziwa mgando. Aliacha ndala zake mlangoni kwa heshima, maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Namnyaki alikuwa anaosha kibuyu. Akamwambia ajichukulie maziwa mwenyewe kwenye friza, ila kwanza avae zile katambuga zilizo pale chini.

Katambuga ni viatu vya tairi. Zile zilikuwa za marehemu mzee Lomayani, baba mkwe wa Namnyaki. Zilikuwa kubwa, nyeusi, zimepasuka visigino. Kila aliyetaka kufungua friza alizivaa kwanza. Asipozivaa, friza ilimpiga shoti. Siku nyingine ilitekenya vidole tu. Siku nyingine iliuma hadi kwenye kiwiko.

Nyumba nzima ilikuwa imezoea. Philemoni, mume wa Namnyaki, huendesha magari ya watalii. Akirudi kutoka porini alizivaa bila hata kutazama chini. Baba yake mdogo, mzee Saruni, alikuwa na maneno yake. Alisema kaka yake Lomayani hajaondoka, bado analinda nyama yake. Anayekuja na viatu vyake humwacha apite. Asiye navyo humfukuza. Watu walicheka, lakini mzee Saruni mwenyewe hakucheka sana.

Mahali patakatifu watu huvua viatu. Jikoni kwa Namnyaki watu walivaa.

Hedwiga hakuzivaa. Alikuwa anatazama sakafuni. Lucky, mtoto wa Namnyaki, alikuwa anatambaa juu ya maji ya deki. Alikuwa amefikia ule umri wa kushika kila kitu ili asimame. Alikuwa anaelekea kwenye friza, kwa sababu ilikuwa nyeupe na inang'aa. Hedwiga alimnyanyua.

"Na huyu," aliuliza taratibu, "mmemkatia katambuga zake?"

Namnyaki alibaki amesimama na kibuyu mkononi.

Baadaye akaanza kujitetea. Alisema friza inagandisha vizuri, kwa hiyo haiwezi kuwa mbovu. Tena humo ndani kulikuwa na nyama ya ubatizo wa Lucky, Jumapili ya wiki hiyo. Wakizima, itaharibika. Hedwiga alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampigia simu Agnela, fundi umeme wa Kijenge aliyewahi kumtengenezea nyumba.

Agnela aliwaambia kwenye simu wavae viatu vikavu, mikono iwe mikavu, wazime swichi ya ukutani, wasiguse mwili wa friza. Kuhusu nyama alisema wasifungue mfuniko. Friza iliyojaa na kugandisha vizuri, ikibaki imefungwa, hutunza baridi yake hadi kesho.

Alipofika, mzee Saruni alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa amekuja kumwangalia ndama wake aliyefungwa nyuma ya jiko. Agnela, bisibisi mkononi, alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti. Utamkamata kaka yangu kwa hilo bisibisi?"

"Kama ni yeye, mzee, nitamwamkia," alisema Agnela. "Kama ni umeme, nitamtoa."

Aliwaomba wote wasogee nje, na mtoto abebwe. Alikausha sakafu, akawasha swichi, akatoa testa. Testa ni kama bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Aligusisha ncha yake kwenye bati jeupe la friza.

Taa ikawaka.

Namnyaki aliziba mdomo kwa kiganja. Friza ilikuwa kimya, baridi, safi kama kawaida yake. Hakuna aliyeona moshi wala cheche. Kumbe ngozi yote ya lile sanduku la barafu ilikuwa na umeme, siku zote hizo, na wao walikuwa wanapita kando yake wakiimba nyimbo za kanisani.

Agnela aliuliza kama kuna kitu kingine kinachotekenya. Namnyaki alikumbuka pasi. Fundi akachomeka pasi, nayo akaigusa kwa testa. Taa ikawaka. Akachomoa friza, akaigusa pasi tena. Taa haikuwaka.

"Pasi ni nzima," alisema. "Mgonjwa ni friza. Ila ugonjwa wake unasafiri kwenye waya mpaka kwenye pasi."

Friza ikiwa imechomolewa, alitoa mita yake. Waya mmoja aliuweka kwenye jino la plagi linalopokea umeme, mwingine kwenye bati. Mita ikalia. Alieleza kwamba haikupaswa kulia. Kulia kwake kulionyesha kuwa kuna mahali waya wa umeme unagusa bati. Aliivuta friza kutoka ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, hivyo friza ilitetemeka kila ilipofanya kazi. Kwa kutetemeka, waya ulijisugua kwenye ukingo wa chuma hadi mpira wake ukachubuka. Shaba ilionekana, kadoa kadogo kama punje ya ulezi.

Wote waliinama kutazama, hata mzee Saruni. Walishangaa kwamba kitu kidogo hivyo kiliitawala nyumba nzima.

Lakini Agnela hakufunga mkoba. Alisema umeme ukivuja hivyo unatakiwa kukimbilia ardhini, na breka, ile swichi ya kwenye boksi la umeme, ijikate hapo hapo. Ndiyo kazi ya jino la tatu la plagi. Huungwa na waya mmoja wa nyumba nzima, unaokwenda mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Mafundi huuita waya wa ethi.

"Fimbo yenu iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Agnela aliufuata ule waya kwa macho, ukutani, hadi nyuma ya jiko. Ulikuwa unaning'inia, umekatika. Chini yake fimbo ya chuma ilikuwa imeinama. Kwenye fimbo kulikuwa na kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo ndama, anatafuna gome la mgomba.

Ni mzee Saruni aliyemfunga. Aliiona fimbo imeshapigwa vizuri, akaona ni kigingi cha bure. Ndama akavuta kila siku, waya ukakatika. Agnela hakumcheka. Alisema katika kazi yake amekuta kamba za kuanikia nguo zimefungwa hapo, na minyororo ya mbwa. Umeme unapopotea, alisema, ile fimbo ndiyo mlango wake wa kutokea. Usipoupata mlango huo, utatokea kwa mtu.

Mzee Saruni aliitazama ile fimbo iliyoinama. "Kwa hiyo anayepiga si kaka yangu."

"Si yeye, mzee."

"Na viatu vyake?"

Agnela alifikiri. "Viatu vyake vimewasaidia. Tairi ni mpira, umeme haupiti kirahisi. Ila ugonjwa ulibaki pale pale. Na mtoto hakuwa na viatu."

Siku ile ile fundi alibadilisha waya, akauweka mbali na chuma, akasawazisha mguu wa friza. Alipigilia fimbo mpya na kuufunga waya wake imara. Aliweka pia breka inayojikata umeme ukivuja. Ina kitufe cha kuijaribu. Alipokibonyeza, taa, redio na friza vilizimika kwa pamoja, na Namnyaki akavuta pumzi kana kwamba ameona mkono wa mtu ukipita. Agnela alimwambia akibonyeze kila mwezi. Kifaa kikitekenya hata kidogo, wazime, waite fundi aliyesomea. Wasivae viatu na kuendelea, wala wasifungue wenyewe. Mwishoni alipima tena. Testa haikuwaka, mita haikulia.

Jumapili nyama ilikuwa nzima, ngumu kama jiwe. Baada ya ibada sisi majirani wa jumuiya ya kanisa tulijaa jikoni mle. Mtu alimwaga maji, na sakafu ikalowa. Lucky aliponyoka mikononi mwa mama yake. Alitambaa juu ya maji, akafika kwenye friza, akaweka viganja vyote viwili, akasimama.

Tulijua ilishapimwa, lakini wengi tulinyoosha mikono kumvuta. Mtoto aliegemeza shavu lake kwenye ule ubaridi, akacheka. Namnyaki alisema, kwa sauti ndogo, "Asante Mungu."

Katambuga zilikuwa bado pale chini. Mzee Saruni aliinuka kwenye kigoda chake, akainama, akaziokota. Alizifuta vumbi kwa ncha ya shuka lake.

"Basi kaka amepumzika," alisema.

Akazibana kwapani, akapita mlango wa nyuma. Huko ndama alikuwa amefungwa kwenye kigingi cha mti, alichokichonga mzee mwenyewe. Hakusimama. Alikwenda zake.