Baridi Ndani ya Trekta la Mashimba

Geji ya gesi ilisoma sifuri, lakini matundu ya AC yalikuwa yakipuliza baridi.

Renatus, fundi AC kutoka Mabatini, aliigonga geji kwa kidole, ikabaki palepale. Trekta lile la zamani lilikuwa limezimwa uani, Usagara, na jua la mchana likiwaka.

"Mama, hili halina gesi kabisa. Hii baridi inatoka wapi?"

"Ndiyo maana nimekuita, mwanangu," Modesta, mwenye nyumba, alijibu bila kumtazama. "Badilisha mfumo, uweke gesi ya kisasa."

Barazani mumewe, Mashimba, alilala akitetemeka chini ya mablanketi. Tangu alipopitiwa na usingizi ndani ya trekta hilo, akilima majaruba ya mpunga kando ya ziwa, hakuwahi kusimama wala kusema neno.

Renatus alimwaga mafuta ya kompresa, akabadilisha oringi za mpira na kichujio, akaunganisha pampu ya kunyonya hewa. Ndani ya bomba alisikia kitu kikivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezamishwa akaibuka, na harufu ya tope na samaki waliooza ikamjaa puani. Akajiambia ni mafuta ya zamani. Akajaza gesi mpya, akawasha injini, akapanda kwenye kebini ya vioo kupima ubaridi.

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Akavuta kitasa, hakikusogea. Akazima injini, lakini baridi ikazidi, ikamshika vifundo vya miguu, ikapanda magotini na kiunoni taratibu kama maji mtu anapoingia ziwani, na ile pumzi aliyoisikia kwenye bomba sasa ilikuwa shingoni pake, ikitoka yeye anapotoa, ikiingia yeye anapovuta, mpaka akashindwa kujua ipi ni yake.

"Mama, nifungulie. Nakuomba."

Modesta alisogea hadi kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Mganga Ngosha alisema pepo wa ziwani hatoki kwa mume wangu bila kupewa mtu mwingine. Alisema ahamishwe kama mnavyohamisha gesi."

Barazani mablanketi yalianguka. Mashimba alisimama, akajinyoosha, akaomba uji. Kisha akageukia uani.

"Modesta, nani yuko kwenye trekta?"

Renatus alipiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini kinywani hakikutoka chochote isipokuwa upepo wa baridi, ukafunika kioo kizima kwa ukungu mweupe.

Modesta alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hamna mtu, mume wangu," alisema. "Njoo ukae, nikuletee uji."