Mwitikiaji wa Tatu

Ijumaa ile Bibata aliacha cherehani mapema, akajifunga kilemba kipya na kuketi mbele ya televisheni kama mgeni wa heshima. Ilikuwa imetangazwa kwamba kipindi cha nyimbo za zamani kingeonyesha bendi ya vijana wa mtaa wa Gamkalle, na katika bendi hiyo yeye alikuwa mwitikiaji ujanani. Enzi zile televisheni ilikuwa ngeni Niamey, mtaa mzima ukikusanyika katika ua mmoja, watoto wameketi mchangani na wakubwa wamesimama nyuma yao.

Picha ilikuja imefifia, nyekundu yake imegeuka kahawia. Bibata alijiona, msichana mwembamba, akiyumba kando ya rafiki yake Maimu.

"Bi Mkubwa, kweli ndiyo wewe huyo?" aliuliza Hamsatu, mke mwenzake, aliyekuwa akinyonyesha mkekani. "Kiuno hicho kilikwenda wapi?"

"Kilikimbia siku ulipoletwa humu ndani."

Seyni, mume wao, alicheka ndani ya bilauri yake ya chai. Bibata naye akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Nyuma ya mwimbaji walisimama wasichana watatu.

Yeye na Maimu walikuwa wawili. Walikuwa wawili siku zote. Walikuwa wakigombania kipaza sauti kimoja. Huyu wa tatu alikuwa mrefu, amevaa gauni kama lao, ila lake lilimganda mwilini kama limetoka majini. Hakucheza. Alitazama mbele tu.

Wimbo ulipofika pa kuishia haukuisha. Ulifuata ubeti ambao Bibata hakuujua, sauti nyembamba ya kike bila gitaa wala ngoma, na kila baada ya mstari sauti ilinyamaza kidogo, ikingoja, kisha ikaendelea. Halafu mtangazaji akatokea akitabasamu.

"Baba Munkaila, umeona waitikiaji wangapi?" Bibata alimuuliza mumewe.

"Wewe na Maimu. Alikuwepo nani mwingine?"

"Watatu," alisema Hamsatu bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Na yule mrefu ndiye pekee aliyejua kuimba."

Ulikuwa utani kama utani wao wa kila siku, lakini chumba kilikuwa kinanuka tope bichi la mtoni, na mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika zamani.

Bibata alikwenda uani kumpigia Maimu simu.

"Siku ile ya televisheni tulikuwa wangapi?"

"Kwa nini unaniuliza?"

"Nijibu tu, dada."

"Tulikuwa wawili. Lakini nyuma yetu palikuwa na mtu anaimba. Nilijidanganya kuwa ni mwangwi wa ukuta. Unadhani niliacha kuimba kwa sababu gani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana, Bibata. Ningeanzia wapi?"

Kesho yake Hamsatu alitwanga mtama akiuimba ubeti ule. Aliuimba akiteka maji, akauimba akimwosha mtoto, na kila baada ya mstari alinyamaza na kuinamisha shingo kama anayesikiliza hatua mlangoni. Wakwe walipokuja kusalimia, aliwaitikia kwa wimbo. Seyni alidhani ni uchovu wa uzazi. Bibata alikuwa amekaa na mwanamke huyo miaka minne, wakinuniana juu ya chumvi, sabuni na zamu, naye alijua Hamsatu akichoka hulala na akikasirika hutukana. Hakuwahi kumwona akitabasamu hivi, midomo imefunguka nusu, macho yametua mahali pasipo na kitu.

Siku ya tatu titi lilikauka. Munkaila alilia mpaka sauti ikawa ya mbuzi, na mama yake aliketi kando, anaimba.

Mchana huo umeme ulikatika mtaa mzima, feni zikasimama, redio za majirani zikanyamaza, na katika kimya hicho Bibata, aliyekuwa akimnywesha mtoto maji ya uji kwa kijiko, alisikia wimbo ukitoka sebuleni, si kwa Hamsatu maana Hamsatu alikuwa mbele yake mlangoni mdomo umefungwa, bali kutoka kwenye televisheni yenyewe, kioo chake cheusi, waya wake umelala sakafuni, na alipokaribia akiwa amemkumbatia mtoto kifuani aliona ndani ya weusi ule kivuli chake mwenyewe, na nyuma yake kivuli kingine kirefu zaidi, nywele zinachuruzika, na harufu ya tope ikamjaa puani na kooni mpaka akaona kama anazama amesimama. Aligeuka. Nyuma yake alikuwa Hamsatu peke yake, miguu imelowa hadi magotini, ilhali vigae vya sakafu vilikuwa vikavu.

"Bi Mkubwa," Hamsatu alinong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile sauti ilikuwa yake. "Nishike. Kuna mtu ananisukuma pembeni."

Bibata alimshika. Vidole vya Hamsatu vilikuwa baridi kama samaki. Kisha tabasamu lilirudi, na wimbo nao.

Seyni akaacha kudai ni uchovu wa uzazi, akaenda kumwita mganga wa pepo. Sumana alifika kwa pikipiki, mtu wa makamo mwenye miwani ya jua, na nyuma yake wazee wawili, mmoja na zeze, mwingine na kibuyu cha kupiga. Walimketisha Hamsatu uani. Majirani walijaa ukutani na getini. Zeze lililia hadi jua likaelekea kuzama, na Hamsatu alizunguka kwa magoti huku akiimba, vumbi likimganda usoni, mpaka Sumana akainamisha sikio mdomoni pake.

"Pepo huyu wa mtoni hadai damu wala kitambaa," alisema kwa sauti ya chini. "Anadai kuitikiwa. Ameimba peke yake tangu siku ile ya televisheni, na hakuna aliyempokea. Nani alikuwa naye?"

"Mimi," alisema Bibata. "Lakini wimbo wenyewe siujui."

"Utaujua ukiingia. Ukiacha katikati, mwenzako harudi."

Seyni alimshika mkono. "Bibata, usifanye. Akikuchukua na wewe?"

"Mtoto atanyonya nini?" alijibu, akauondoa mkono wake taratibu.

Akapiga magoti mbele ya mke mwenzake. Mstari wa kwanza ulipokwisha na kimya kikaja, Bibata alifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na kikatoka: sauti iliyochakaa, ya mwanamke aliyevuta vumbi la vitambaa miaka mingi, lakini imekaa mahali pake sawasawa. Uso wa Hamsatu ulitetemeka. Mstari baada ya mstari Bibata aliitikia, koo likiwaka, tope likimjaa mdomoni akilitema na kuendelea, huku akihisi bega la mtu mwingine, bega baridi, likiegemea lake kama zamani walipobanana kwenye kipaza sauti. Mstari wa mwisho, bega liliondoka.

Hamsatu alianguka kiubavu. Baadaye alisema, "Maji," na alipokunywa, "Nani amenipaka vumbi hivi? Bi Mkubwa, wewe?"

Bibata alilia mbele za watu, na hakuona haya. Kabla ya kulala Munkaila alinyonya mpaka akasinzia na titi mdomoni.

Televisheni ilitolewa kwa shule ya karibu na wimbo haukuonyeshwa tena. Ndani ya nyumba wake wawili walirudi kugombana juu ya chumvi, kwa upole kidogo.

Wiki chache baadaye Bibata alikwenda soko kubwa kununua uzi. Kwenye kibanda cha kuuzia simu kijana alikuwa akionyesha video, watu wamemzunguka: ua wake, zeze, Hamsatu magotini. Mmoja wa majirani alikuwa amerekodi.

"Wimbo mtamu huu," alisema muuza vitunguu, naye akautafuta kwenye simu yake. "Binti yangu anauimba kutwa nzima."

Ulilia kibandani, ukalia kwa wauza viatu, ukalia ndani ya teksi iliyokuwa imesimama kwenye foleni. Katika simu zote iliimba sauti moja tu. Mwitikio wa Bibata haukuwemo. Mstari ulikwisha, na soko zima, wauzaji na wanunuzi, walinyamaza, shingo zimeinama upande, midomo imefunguka nusu.

Bibata aliweka kikapu chini. Akaanza kuitikia.