Sanamu Yenye Uso wa Hunero

Asubuhi ya tano baada ya kumzika mama mkwe wake, Hunero aliamka na tope mpaka magotini. Mlango ulikuwa umekomewa, na Mto Nili uko mbali, nyuma ya vilima.

Marehemu Wabheti alikuwa mtu wa kutumatuma; akikuona umekaa, roho inamuuma. Mwanawe Kenna, mchonga mawe wa makaburini, alimchongea sanamu ya kwenda nayo ahera: bibi akiitwa kulima huko, jiwe liitike badala yake. Lakini sanamu hiyo aliipa uso wa mkewe, na jina la Hunero akalichora kifuani.

"Mama ndiye aliyetaka," alisema bila kumtazama. "Alisema amekuzoea."

"Na mimi nilikufa lini, baba Tamit?"

Kenna akaendelea kutafuna mkate.

Tangu siku hiyo, kila mchana harufu ya mafuta ya maziko ilijaa jikoni, kisha sauti: "Hunero." Naye, kwa mazoea ya miaka tisa, aliitika kabla hajafikiri, na akishaitika hakujijua tena mpaka azinduke kando ya jiko, viganja vimechubuka kwa jembe, mgongo unawaka, mchanga umemjaa kinywani, na kila akizinduka alikuwa amekonda zaidi, nywele zinamnyonyoka mkononi, mpaka majirani wakaanza kumpisha njia kama wanaopisha jeneza.

Mwishowe mganga wa kijiji, mtibu wa walioumwa na nge, alimkokota Kenna kaburini, akamsimamia mpaka jina likakwanguliwa lote. Akarudi kumnong'oneza Hunero, "Sasa jiwe halina mtu. Litamshika yeyote atakayeitika. Leo marehemu atakuita mara tatu. Nyamaza, mwanangu, naye atakwenda zake."

Hunero hakujiamini. Alijisokomeza kitambaa kinywani mpaka kooni, akakaa.

Harufu ikaja.

"Hunero."

Akafumba macho, machozi yanamtiririka.

"Hunero, nakuita mimi."

Akang'ata kitambaa. Aliogopa kuliko siku zote. Kisha sauti ikaja polepole, ya kinyonge, kama ya mgonjwa anayeomba maji.

"Kwani nyumba hii haina mtu?"

Juu ya paa, Tamit wa miaka minne alikuwa akifukuza ndege kwenye shayiri iliyoanikwa. Alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Abee, bibi. Nipo, nakuja."

Hunero alichomoa kitambaa, akamwita mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Hakuitika mtu.