Moto Uliozimwa na Mbishi

Siku ile mjinga alikuwa Mbishi, na mwenyewe hakatai. Ilikuwa likizo, na kama kila asubuhi alikuwa machinjioni akimsaidia mama yake, fundi wa shimo la gesi. Damu, samadi na maji ya kuoshea nyama viliingia shimoni, vijidudu visivyoonekana vikavila, gesi ikapanda kwa bomba hadi jikoni kuchemsha maji.

"Mama, shimo linanuka!"

"Kwani nani alikuambia litanukia? Fagia mfereji, mwanangu."

Mama alipogeuka, Mbishi akamimina kwenye mfereji uendao shimoni madumu mawili ya dawa ya kuua vijidudu. Harufu ikafa. Siku ya tatu, moto nao ukafa.

Msimamizi wa machinjio alikuja mbio kama aliyeitwa harusini. "Nilisema mimi, shimo hili halifai! Tunalifukia. Maji yarudi mtoni kama zamani. Na wewe fundi, tafuta kazi kwingine."

Mbishi angenyamaza, nani angejua? Lakini alimwona mama ameinamisha kichwa, damu ikamchemka.

"Shimo halina kosa! Mimi nilimwaga dawa, ikaua vijidudu vyote."

"Mtoto hunyamaza wakubwa wakizungumza!"

"Nikinyamaza, utamfukuza mama kwa kosa langu."

Mama akainua kichwa. "Nipe wiki mbili, bosi. Lisipowaka, nitalifukia kwa mikono yangu. Maji machafu yatakaa kwenye bwawa letu la akiba. Mtoni haliendi hata tone. Watu wanachota kule."

Msimamizi akacheka, akakubali.

Wakalikomba shimo, wakaanza upya. Mbishi alisomba samadi mbichi kutoka zizini, toroli juu ya toroli, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

"Mama, nimechoka."

"Uliua kwa mikono, fufua kwa mikono."

Siku ya kumi na mbili, mwali wa buluu ukachomoza jikoni. Mama akamshika bega. "Kosa ni kama maji machafu, mwanangu. Ukilifichaficha, linamtokea jirani. Ukilikubali na kulishughulikia, hata moto unapata."

Msimamizi alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, akipuliza. "Moto wa mavi huo! Hauwezi kupika kitu."

"Samahani, bosi," alisema Mbishi. "Hiyo chai inayokuunguza midomo imechemshwa kwa moto upi?"