Kipi Kitangulie?

Kila asubuhi Phionah aliwapikia uji binti zake watatu, kisha akashika njia kwenda chuo cha ufundi, Nyakiyumbu. Huko alitunza kompyuta kumi na tano. Mwaka huo, 2012, hakuzirekebisha tena moja moja. Aliandika maagizo mara moja tu, programu ikayatekeleza kwenye zote.

Maagizo yaliyomsumbua yalikuwa mawili. La kwanza: ondoa faili ya zamani ya mipangilio, weka nakala mpya. La pili: ongeza ndani ya faili hiyo mstari wenye anwani ya printa. Lakini leo mstari upo, kesho haupo, na wanafunzi walishindwa kuchapa kazi za mtihani. Mkuu wa chuo, Mzee Ezironi, alimwambia kwamba Jumatatu angeleta fundi mwanamume kutoka mjini, na Phionah akae nyumbani.

"Mzee, mimi siendi popote," Phionah alimjibu. "Hiyo Jumatatu utanipata hapa hapa."

Roho ilimuuma sana. Jioni alimweleza jirani yake Wivine, aliyewahi kutunza kompyuta huko Butembo, Kongo. Wivine alisoma maagizo yale, akacheka.

"Mama Masika, unawaza programu inasomaka toka juu mupaka chini? Hapana. Inaanza penye inataka. Ikiongeza mustari kwanza, kisha ikaweka nakala mpya, mustari inapotea."

Akawanyoshea kidole binti watatu wa Phionah waliokuwa uani. Kwa Wakonzo, kabila la Phionah, binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho.

"Hata bakisimama namna gani, majina inasema nani alizaliwa wa kwanza. Maagizo yako haisemi. Andika: hii ya pili ingojee ya kwanza."

Phionah alijiona mjinga, kisha akajicheka. Kwenye agizo la pili akaandika kwamba lisubiri la kwanza limalizike.

Jumatatu kompyuta zote zilichapa. Mzee Ezironi akaguna kwamba ni bahati tu. Hasira zikampanda Phionah. Akaufuta ule mstari kwenye kompyuta zote kumi na tano, Mzee akitazama, akaiamuru programu ianze upya. Mstari ukarudi kwenye zote.

"Hii nayo ni bahati?" aliuliza. "Chagua kompyuta yoyote, Mzee, nifute tena."

Mzee hakuchagua. Alitoa simu mfukoni, akamwambia yule fundi wa mjini asije.