Uso wa Upande Mmoja

Jioni ya Watakatifu Wote, Ersilia Malgarini alitoka kwenda kununua mishumaa. Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka kwenye maziwa yanayouzunguka mji wa Mantova na kuumeza mpaka mabegani. Usiku ule wafu wangekuja kula, na meza yao haikutakiwa kukosa mwanga.

Kichwani alikuwa na jambo moja tu: jina.

Katika ukoo wa Malgarini kila marehemu alikuwa na kiti chake mezani, na aliitwa kwa jina kabla mkate haujamegwa. Ersilia ndiye aliyeyatunza majina hayo. Kila picha ukutani aliijua ni ya nani, nani alimzaa nani, nani alikufa kwa homa na nani kwa ukaidi wake. Mmoja tu alimshinda: mwanamke wa kwenye medali ya shaba, pana kama kiganja, ya karne zile za matajiri waliopenda nyuso zao zisubiwe kwa shaba ya kuyeyushwa ili zisiozee kaburini. Alionekana upande wa kushoto tu, shingo ndefu, nywele ndani ya wavu. Nyuma ya medali palikuwa na mlango ulioachwa wazi nusu. Maandishi ya kuzunguka yalikuwa yamesagwa kwa tupa, pande zote mbili, na aliyeyasaga hakufanya mzaha.

Kila mwaka medali ililazwa kifudifudi pembeni mwa meza, bila kiti. "Huyu tunampa mkate," bibi yake Ersilia alikuwa akisema. "Jina hatumpi." Akiulizwa sababu, aliendelea kumega mkate.

Lakini sasa Delfina, binti wa marehemu kaka yake Ersilia, alikuwa na mimba pevu. Ya kwanza ilikuwa imetoka. Safari hii alitaka jina lenye nguvu.

"Wanawake wote wa ukuta ule wana nyuso za msiba," alikuwa amesema asubuhi. "Yule peke yake anaonekana kama aliyeshinda. Nitafutie jina lake, shangazi. Au kumbukumbu zimeanza kuvuja?"

"Kinachovuja humu ndani ni mdomo wako."

Ersilia alirudi kwa njia ya matao, mishumaa kwapani. Mara akagundua kwamba hayuko peke yake. Mwanamke mwenye shali alikuwa akitembea upande wake wa kulia. Hatua zake hazikusikika. Alinuka nta ya moto... na chuma kilichoungua.

"Nta, bibie," mwanamke alinong'ona, bila kugeuka. "Nta hushika kile ambacho tupa imeshindwa kukifuta."

"Samahani?"

"Imwage ikiwa moto. Ibandue ikipoa. Kisha weka taa kando."

Ersilia alisimama. Mwanamke naye akasimama. Ersilia akazunguka mbele ili amwone uso mzima, na mwanamke akageuka pamoja naye, taratibu, kama ua lifuatalo jua.

Shavu la kushoto tu.

Jicho moja tu.

Kisha ukungu ukapita kati yao, na matao yakabaki matupu.

Atakuwa mke wa fundi, Ersilia alijiambia. Labda ana kovu analolificha. Mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani.

Nyumbani Delfina alikuwa ameshapanga mkate, divai na boga la kuoka. Ersilia hakukaa. Aliyeyusha mshumaa, akamwaga nta upande mmoja wa medali, kisha upande wa pili. Ilipopoa akabandua vipande vyote viwili. Cha kwanza alikisogeza kando ya taa. Vivuli vya herufi vikainuka, kinyumenyume. Akachukua kioo cha mkono.

"Taddea Malgarini," alisoma. "Ni wetu, Delfina! Ni damu yetu!"

Delfina alikuwa ameshamvutia Taddea kiti kipya mezani. Aliigeuza medali, uso ukatazama juu, akaweka kiganja tumboni.

"Taddea," aliita. "Karibu mezani. Karibu, mwanangu."

Ersilia alikuwa ameinua kipande cha pili, chenye mlango, mbele ya kioo. Kilatini alichofundishwa utotoni na masista kilitosha kumfahamisha maneno yaliyouzunguka.

*Siingii nisipoitwa.*

Ndimi za mishumaa zililala zote upande mmoja. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu... na hakuna aliyeufungua. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa mezani.

"Shangazi..." Delfina alinong'ona. "Mtoto ameacha kucheza."

"Mfukuze! Sema umekosea, sema si yeye!"

"Nikimfukuza yeye, na mtoto je? Akitoka naye?"

Ersilia aliirukia medali, akailaza kifudifudi. Kiti kipya kilikwaruza sakafu, kidogo tu.

Tumbo likapiga teke. Moja, la nguvu. Delfina akalia kwa furaha. Ersilia hakulia.

Mtoto alizaliwa siku ya pili, mzima, mzito. Hakutoa sauti. Delfina alimbatiza Taddea, na maneno ya Ersilia yote hayakufua dafu. Shingo ya mtoto imegeukia upande mmoja. Daktari anasema ni msuli, utalegea kwa kukandwa. Huenda. Na upande wa uso wa medali sasa ni shaba tupu, laini. Delfina anasema nta ya moto imeula.

Mtoto huyo halii kamwe. Kila Ersilia akizunguka kitanda aone shavu la kulia, kichwa kinazunguka naye.

Jana jioni, Delfina akiwa jikoni, Ersilia alifunga mlango wa chumba, akachukua kile kioo cha mkono na kukisimamisha upande wa ukutani, nyuma ya kichwa cha mtoto. Akainama atazame.

Hakuona shavu. Aliona mlango, wazi nusu.

Aligeuka. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, kama alivyouacha.

Akarudisha macho kiooni. Na kutoka ndani ya mlango ule, mbali sana, alisikia kichanga kikilia, kilio cha njaa, cha mtoto ambaye hajawahi kubebwa.

Ersilia alifungua mdomo amwite.

Hakuwa na jina la kumwitia.